Sanamu aliyopigia picha baba, bado ipo Leipzig?

SWALI: Shikamoo Bibi. Marehemu baba alisoma Leipzig, Ujerumani Mashariki, miaka ya themanini. Ametuachia picha moja, amesimama chini ya sanamu kubwa ya shaba ya Karl Marx. Mwezi ujao naenda huko kikazi. Jamaa wananiambia mambo ya kikomunisti yalishavunjwa yote. Je, nitaiona?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kufiwa. Barua yako nimeirudia mara tatu, maana nami nilisoma mji ule, na chini ya sanamu hiyo ndipo tulipokuwa tukipeana miadi. Chuo chenyewe kikiitwa Chuo Kikuu cha Karl Marx.

Ipo, ila si pale alipopigia picha baba yako. Ilikuwa juu ya mlango wa jengo kuu la chuo, kwenye uwanja wa Augustusplatz, ambao enzi zetu ukiitwa Karl-Marx-Platz. Mwaka 2006 waliishusha, tani 33 za shaba, na mwaka 2008 wakaisimamisha kwenye viwanja vya chuo huko Jahnallee. Tramu itakufikisha.

Ukishapiga picha usiondoke, soma na maelezo yaliyowekwa pale. Mahali ilipokuwa sanamu ndipo lilipokuwa kanisa la chuo, Paulinerkirche, la tangu mwaka 1240. Mabomu ya vita kuu ya pili hayakuliangusha. Likaja kulipuliwa kwa baruti na serikali ya chama, tarehe 30 Mei 1968. Sisi wageni hatukuambiwa. Mimi nililisikia kwa mama mmoja aliyekuwa akifagia bweni letu. Aliutazama mlango kwanza, ndipo akanong'ona. Kwa hiyo nafurahi kwamba sanamu hawakuiyeyusha. Wangeiyeyusha, leo nani angejua nini kilikaa juu ya kifusi cha kanisa lile? Sasa pale pamejengwa Paulinum, jengo lenye sura ya kanisa, lililofunguliwa 2017.

Ukipata saa moja nyingine, nenda Runde Ecke, iliyokuwa ofisi ya Stasi, usalama wa taifa wao. Wananchi waliingia humo Desemba 1989 kuzuia mafaili yasichomwe. Niliporudi kutembea, miaka mingi baadaye, nilioneshwa chupa za kioo, kama zile za achari, ndani mna kipande cha kitambaa. Ilikuwa harufu ya mtu: Stasi walimkalisha juu ya kitambaa, wakakifungia, ili siku wakimtafuta mbwa anusishwe. Nilisimama mbele ya chupa moja hadi miguu ikauma. Katika mji huohuo mimi nilisomeshwa bure na nikapendwa. Yote mawili ni kweli, na baba yako angekwambia vivyo hivyo.

Kutoka hapo ni karibu na kanisa la Nikolaikirche, yalikoanzia maandamano ya kila Jumatatu ya kuipinga serikali ile. Tarehe 9 Oktoba 1989 walijitokeza watu kama 70,000, na risasi hazikupigwa. Nje ya kanisa imesimamishwa nguzo nyeupe yenye makuti kileleni, mfano wa nguzo za ndani. Mtu wa Tanga hawezi kuipita bila kusimama.

Picha ya baba nenda nayo. Ikiwa nyuma yake linaonekana jengo refu kama kitabu kilichofunguliwa, hilo halijahama. Litumie kutafuta aliposimama.