Mtoto wa farasi nyumbani: mambo ninayoyaangalia kila siku

Aliyeona kwanza alikuwa binti yangu wa miaka tisa. "Mama, mbona Shoti ana maziwa kwenye paji la uso?"

Nikasogea kutazama. Kweli, katikati ya macho manyoya yalikuwa yamegandamana, meupe, makavu, kana kwamba mtu amempaka gundi. Shoti alikuwa na saa tano tu tangu azaliwe. Tangu alfajiri tulikuwa tumejazana mlangoni mwa banda, tukifurahi kumwona anapenyeza kichwa chini ya mama yake, Tausi, na kila mmoja wetu akiamini ananyonya. Kumbe alikuwa anasukumasukuma mapaja na kulamba ngozi tu, huku maziwa yakimdondokea kichwani kutoka kwenye kiwele kilichojaa mpaka chuchu zinang'aa.

Tulimpigia daktari wa mifugo, akaja upesi. Alimkamua Tausi, akampitishia Shoti mpira mwembamba puani hadi tumboni na kumpa dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, kidogo kidogo. Jioni mtoto alipata nguvu, akaishika chuchu mwenyewe. Nilipoinama karibu nikasikia sauti ya kumeza, gluk, gluk, na nikaona ulimi umejikunja kuzunguka chuchu. Sauti hiyo ndiyo ninayoitafuta sasa kila mtoto wa farasi anapozaliwa. Sikubali tena kutazama kutoka mlangoni.

Niwaeleze kwa nini saa zile ni za thamani kiasi hicho. Mtoto wa farasi huzaliwa bila kinga ya kutosha mwilini, kwa sababu kondo la farasi halipitishi kinga ya mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni. Kinga yote huipata kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito yenye rangi ya manjano. Utumbo wake unaweza kuipokea kinga hiyo kwa muda mfupi tu. Unaipokea vizuri zaidi katika saa 6 hadi 12 za kwanza, kisha uwezo huo unapungua, na ikifika saa 24 mlango umefungwa. Mtoto akinyonya kesho yake atashiba, lakini kinga atakuwa ameshaikosa, na maradhi ya damu, viungo na mapafu huwapata wa aina hii kwa wepesi. Ndiyo maana daktari alirudi siku ya pili kuchukua damu ya Shoti na kuipima kama kinga imeingia. Ilikuwa imeingia. Kipimo hicho omba mtoto wako afanyiwe hata kama anaonekana mzima kabisa.

Ule mpira usijaribu kuupitisha mwenyewe. Ukikosea njia, maziwa yanaingia mapafuni. Chupa nayo usimlazimishe mtoto dhaifu asiyefyonza, kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna hesabu rahisi ambayo daktari alitufundisha, na mume wangu ameiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa banda: ndani ya saa 1 tangu azaliwe asimame, ndani ya saa 2 anyonye, ndani ya saa 3 kondo la nyuma liwe limetoka. Zikipita saa hizo bila jambo lake kutimia, piga simu. Usisubiri kukuche. Kuhusu kondo la nyuma ndiyo kabisa, kwa sababu hata kipande kidogo kikibaki ndani ya mama kinaweza kumletea homa kali na kumharibu miguu, kwa ule ugonjwa wa kuvimba ndani ya kwato. Lisipotoka usilivute. Lifunge fundo lisiburuzike chini wala kukanyagwa, umsubiri daktari. Likitoka, litandaze mahali safi ulitazame: lina umbo kama la suruali, miguu miwili, na ncha zote mbili zinapaswa kuwa nzima. Mimi huliweka kwenye ndoo yenye maji kidogo ili daktari alione mwenyewe.

Kitovu tunakipaka dawa ya kuua vijidudu iliyochanganywa na maji kwa kipimo alichotupa daktari, mara kadhaa kwa siku kwa siku za mwanzo. Kali zaidi si bora zaidi, inaunguza ngozi. Kikiendelea kuwa na unyevu, kikitoa mkojo au kikivimba na kuwa cha moto, hilo ni la daktari. Mavi ya kwanza ni meusi na yanang'ang'ania, nayo yanatakiwa kutoka ndani ya siku hiyo ya kwanza. Mtoto anayeinua mkia na kujikamua bila kutoa kitu, kisha akaacha kunyonya, amefunga choo na anahitaji msaada.

Baada ya siku ya kwanza kazi inageuka kuwa ya kumjua. Mtoto mzima ana mzunguko wake: analala, anaamka, ananyoosha mgongo, ananyonya, anazunguka mama yake kwa shoti fupifupi, analala tena. Wiki ya kwanza ananyonya mara kadhaa kila saa. Ukimkaribia amelala, anapaswa kuinuka na kwenda moja kwa moja kwenye kiwele. Asipoinuka, au akisimama na masikio yamelegea bila kujali uko wapi, tazama kiwele cha mama. Kiwele ndicho kipimo changu cha kuaminika kuliko vyote. Kikiwa kimejaa na kigumu, maziwa yanadondoka, mtoto hajanyonya kwa muda, na mtoto wa farasi asiyenyonya anadhoofika ndani ya saa chache. Wengine huandika kila kitu daftarini, nao wanafanya vizuri. Mimi mkono wangu kwenye kiwele asubuhi, mchana na usiku ndilo daftari.

Mambo mawili yalinitia hofu bure, nayataja ili yasikutie wewe. La kwanza ni kuharisha kati ya siku ya 5 na ya 14 hivi. Watoto wengi hupata, na kama anaendelea kunyonya, anachangamka na hana homa, mara nyingi kunapita kwenyewe. Tunamwosha makalio kwa maji ya uvuguvugu na kumpaka mafuta mazito ngozi isichubuke. Lakini akiacha kunyonya, au joto likipita nyuzi 38.9, hapo si jambo la kusubiri. La pili ni kula mavi ya mama yake. Binti yangu alichukizwa sana. Ni kawaida, na inadhaniwa ndivyo anavyopata vijidudu vyema vya kusagia majani.

Sasa niseme kuhusu wakubwa, maana mtoto akifika ni rahisi kuwasahau.

Tunaye farasi mwingine, Kijivu, dume aliyehasiwa, mzee mpole. Miezi michache kabla ya Shoti tulimbadilishia nyasi kavu kwa siku moja, za zamani zikaisha na mpya zikaanza asubuhi iliyofuata. Usiku nilimkuta anaparura chini kwa mguu wa mbele, anageuza shingo kutazama ubavu wake, na sakafuni hakuna mavi hata donge moja tangu mchana. Hilo la mavi ndilo lililonishtua. Farasi mzima huacha marundo karibu 8 hadi 12 kwa siku, na mtu anayesafisha banda kila siku anajua hesabu ya farasi wake bila kukusudia.

Tumbo la farasi likiuma si jambo dogo. Hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia na kukwama hakina njia ya kurudi. Tuliondoa chakula chote, tukapiga simu, tukamtembeza taratibu asijibamize kwa kugaagaa. Akitaka kulala kwa utulivu mwache alale. Kumtembeza hadi achoke hakumsaidii. Dawa ya maumivu hatukumpa kabla ya daktari kufika, maana inaficha dalili anazohitaji kuzisoma. Alipona. Tangu siku hiyo chakula kipya tunakichanganya na cha zamani kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, hata kama gunia jipya linaonekana sawasawa na la zamani.

Kila asubuhi naanza na maji. Farasi mkubwa anakunywa lita 25 hadi 50 hivi kwa siku kulingana na joto na kazi, na anayenyonyesha anapita hapo. Ndoo nasugua, sijazi tu juu ya utelezi wa jana. Kisha majani. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake na linatoa asidi muda wote, awe anakula au hali, kwa hiyo anafaa kutafuna kidogo kidogo karibu kutwa nzima. Kipimo cha kuanzia ni majani makavu ya asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake: farasi wa kilo 500 anahitaji kilo 7.5 hadi 10. Nafaka ni nyongeza, na wengi wanaipa heshima kuliko inavyostahili. Tausi anapewa kwa sababu ananyonyesha na miezi ya mwanzo maziwa yanamnyonya mwili hasa, lakini kwa mafungu madogo. Kijivu hahitaji hata kidogo. Nyasi zenye ukungu hapewi farasi yeyote. Unazijua kwa vumbi na harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu.

Kwato tunazisafisha kila siku. Unaanzia kisigino kwenda ncha, unapita kwa uangalifu pembeni mwa ile sehemu laini ya pembetatu, na unanusa. Ndiyo, nusa. Uozo wa kwato una harufu usiyoisahau, na hutoka kwenye banda lenye unyevu. Pia weka kiganja juu ya ukuta wa kwato. Kwato za moto, pamoja na farasi anayeegemea nyuma kana kwamba hataki kukanyagia miguu ya mbele, ni hali ya dharura. Fundi wa kwato anakuja kila wiki 6 hadi 8, na Shoti alitazamwa naye mara ya kwanza akiwa na mwezi mmoja na nusu, maana miguu iliyopinda kidogo hurekebishika vizuri mifupa ikiwa bado michanga.

Kuhusu watoto wetu na mtoto wa farasi nina msimamo mkali. Mtoto wa farasi ni mzuri mno, anakuja mwenyewe kukunusa, na kila mtu anataka kucheza naye. Usimfundishe kusukumana. Usimruhusu akuwekee miguu ya mbele mabegani hata mara moja, eti bado mdogo. Baada ya mwaka ana mamia ya kilo na bado anakumbuka mchezo. Tunachofanya ni dakika kama kumi kwa siku: mkono mmoja kifuani, mwingine nyuma ya makalio, tunamshika bila kumbana mpaka atulie, kisha tunamwachia akiwa ametulia, si akiwa anapambana. Tunampapasa masikio, tumbo, miguu. Tunainua mguu kwa sekunde mbili, tunaurudisha wenyewe. Akifungwa kamba ya kichwani, hatumvuti kichwa, kwa sababu atajitupa nyuma na shingo yake ni laini. Tunapitisha kamba nyingine nyuma ya makalio ndiyo imwambie twende. Kamba tunaivua kabla hatujaondoka. Mtoto hujikuna sikio kwa mguu wa nyuma, na mguu ukinasa kwenye kamba anaweza kuuvunja.

Kwa hofu hiyo hiyo tulipiga magoti tukatazama uwanja mzima kwa kimo chake: waya uliolegea, msumari, pengo chini ya lango. Wavu wa nyasi tuliuondoa, nyasi zinawekwa chini.

Dawa ya minyoo alianza akiwa na miezi miwili kwa ushauri wa daktari, anayepima kwanza mavi ya wakubwa kabla ya kusema nani apewe nini. Kuwapa wote dawa ovyo kumefanya minyoo kuizoea. Tausi alichanjwa wiki chache kabla ya kuzaa, pamoja na pepopunda, ili kinga iwemo kwenye dang'a. Chanjo za Shoti mwenyewe zimepangwa kuanzia miezi 5.

Leo ana miezi minne na siku kadhaa. Ameanza kula majani pembeni mwa mama yake, na Tausi amechoka naye, anamsogeza kwa paja anapokuja kunyonya. Kumwachisha kunyonya tutafanya kati ya sasa na atakapofikisha miezi sita, na hatutamfungia peke yake. Kwa wiki mbili sasa tunamweka uwanja mmoja na Kijivu, uzio ukiwa katikati yake na mama, saa moja kwa siku, kisha mbili. Siku ya kwanza alilia hadi sauti ikakauka. Jana nilimkuta amesimama kivulini ubavuni mwa mzee, mkia wa Kijivu ukimfukuzia nzi usoni, na paji la uso ni kavu na safi.