Daftari la pasiwedi, mkopo wa siku saba na insha zinazofanana

Wiki hii maswali ni mengi. Wahitimu wa form six wanahangaikia mkopo wa chuo, walimu wanasahihisha kazi za likizo, na stesheneri yangu hapa Msamvu, Morogoro, foleni imetoka nje mpaka kwa mama muuza mihogo. Mengine mmeniachia kaunta kwenye vikaratasi, mengine yamekuja kwa meseji. Majina nimeyaacha, najibu kama yalivyokuja.

Kaka habari. Niko Kilosa, nimemaliza form six. Imeili yangu nilifunguliwa na jamaa wa stesheneri, sahivi naomba mkopo pasiwedi ya mfumo nimesahau, link ya kubadilisha inaenda kwenye imeili na pasiwedi ya imeili nayo siijui. Jamaa anasema hakumbuki. Nifanyeje, muda unaisha.

Mdogo wangu, usimpigie simu, mfuate. Tena kaa kwenye kompyuta ileile aliyokufungulia. Sio ushirikina, Google mtu akiomba kurudishiwa akaunti wanaangalia pia kama kifaa na sehemu anayotokea ni ya siku zote, sasa we ukijaribu kwa simu ya mjomba wako aliyeko Dar wanakuona mwizi tu. Bonyeza pale pa umesahau pasiwedi, kama aliweka namba yako utatumiwa tarakimu za kuhakiki, kama aliweka ya kwake (na wengi wetu tunaweka za kwetu, nakiri) zitaingia kwake ndo maana nakwambia muwe mmekaa wote. Jaribu pia zile pasiwedi tunazopenda sisi watu wa stesheneri, jina lako na 1234, au jina na mwaka wa kuzaliwa. Usicheke, wengi wametokea hapohapo.

Ikishindikana kabisa fungua imeili mpya mwenyewe kwenye simu yako, afu wasiliana na dawati la msaada la bodi ya mikopo ukiwa na namba yako ya mtihani wa form four mkononi, ueleze.

Nikiri na lingine. Mi mwenyewe nina daftari. Kaunta buku la kwaya tatu, kava gumu, limejaa imeili na pasiwedi za watu, walimu, manesi, bodaboda aliyekuwa anaomba ajira, bibi mmoja mwenye kesi ya kiwanja. Siku moja usiku nikawa nalipekua natafuta jina la mteja nikajikuta nimeogopa, nikawaza hili likiibiwa hapa mtaa mzima umeibiwa. Siku hizi mteja anaandika pasiwedi mwenyewe, mi nageuka natazama barabarani, na karatasi anaondoka nayo. Wapo wanaonuna, "si ukae nayo wewe kaka mi ntapoteza". Sikai nayo. Lile la zamani nimelifungia kabatini, silichomi kwa sababu kila wiki lazima aje mtu analitafuta jina lake mule.

Mimi mwalimu wa historia kidato cha tatu, Singida. Nilitoa insha ya likizo, kati ya 43 insha 11 zinafanana mpaka sentensi ya kwanza. Kuna programu inayotambua maandishi ya AI (akili mnemba), nimepitisha zote, imekamata hizo na imemkamata pia binti anayeongoza darasa, analia anasema kaandika mwenyewe. Nimuadhibu?

Shikamoo mwalimu. Usimguse huyo binti.

Hizo programu haziaminiki na wa kwanza kukubali ni wenye mali wenyewe. OpenAI, hao wenye ChatGPT, walitoa kitambuzi chao Januari 2023, Julai mwaka uleule wakakiondoa kwa sababu kilikuwa kinakosea sana. Na mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua insha za mtihani wa TOEFL, yaani za watu ambao Kiingereza sio lugha yao, wakazipitisha kwenye vitambuzi saba, kwa wastani zaidi ya nusu zikaambiwa zimeandikwa na mashine wakati zimeandikwa na binadamu wakitoka jasho. Sababu ni kwamba vile vitambuzi vinatazama kama maneno ni ya kawaida na yanatabirika, na mtu anayeandika lugha ya kujifunzia anatumia yaleyale aliyofundishwa, hathubutu kucheza. Sasa mwalimu, huyo sio binti yako huyo? Kakariri vile vimaneno vya kuanzia aya, anaviweka vyote kwa adabu, afu mashine inamwita tapeli.

Wale 11 ni kesi nyingine, hao huhitaji programu, macho yako yametosha. Waite mmojammoja, mwambie nisimulie hii aya ya pili uliyoandika ulikuwa unamaanisha nini. Dakika mbili tu. Aliyeandika atakueleza hata kwa Kiswahili cha nyumbani, aliyenakili ataanza kutazama dari.

Ila ukiniuliza mimi, swali nalo linachangia. Ukiwaambia eleza sababu za ukoloni Afrika, AI inazo tangu juzi zimepangwa namba. Waambie waende kwa bibi na babu wawaulize kuhusu 1983, ule msako wa wahujumu uchumi wakati Sokoine ni waziri mkuu, sabuni ilipatikana wapi, foleni ya sukari ilikuwaje, nani mtaani alificha mali na aliificha wapi. Bibi yangu mimi alifukia mche wa sabuni kwenye pumba za kuku, mvua ikanyesha kuku wakatoa povu siku tatu. ChatGPT haina hiyo, mwanafunzi akitaka kuipata lazima akakae na mtu.

Bando la GB moja nanunua asubuhi, saa nne limeisha na sijafanya kitu. Wananiibia?

Kabla hujamtukana mtu ingia settings, sehemu ya matumizi ya data, simu yenyewe itakutajia aliyekula na kiasi alichokula. Mara nyingi ni WhatsApp inapakua yenyewe kila video ya magrupu (zima hiyo, iko kwenye settings za WhatsApp yenyewe), au programu zinajisasisha zenyewe, au TikTok. Dada mmoja aliniletea simu analalamika hivyohivyo, kufungua, hotspoti iko wazi haina pasiwedi, fundi cherehani wa jirani anaangalia mpira. Na usiseme hujafanya kitu, video ya ubora wa juu saa moja peke yake inaweza kumaliza hiyo GB na isikutoshe.

Nilikopa kwenye aplikesheni 50,000, nikapewa 35,000, siku saba natakiwa kurudisha 50,000. Nimechelewa siku mbili wametuma meseji kwa bosi, kwa mchungaji na kwa mama mkwe kwamba mimi ni tapeli. Namba zao wamezitoa wapi? Nimeifuta ile aplikesheni lakini hawajaacha.

Pole sana dada yangu. Namba uliwapa wewe, siku ile unaipakua ikauliza ruhusu kusoma majina yako, ukabonyeza ruhusu kwa sababu ulikuwa na shida na mtoto anahitaji ada, nani angesoma? Zilihama hapohapo kwenda kwao. Kuifuta sasa hivi ni kufunga mlango ng'ombe wameshatoka zizini, ila umefanya vizuri, angalau hawapati mpya.

Tupige hesabu kidogo maana hapa watu wengi hawapigi. Ulichoshika mkononi ni 35,000, unachoongeza juu ni 15,000, hiyo ni kama asilimia 43 kwa wiki moja. Wiki moja! Wale kausha damu wa mtaani tunaowasema wengine wana huruma kuliko hao.

Sasa fanya hivi. Piga skrinishoti kila meseji, yako na ya mama mkwe, usifute kwa aibu, huo ndo ushahidi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, angalia kama yako imo, na kama imo au haimo peleka malalamiko kwao. Afu tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 na tume yake ipo, wanapokea malalamiko, na kumtangaza mtu kwa mchungaji wake kwa kutumia majina yaliyochotwa kwenye simu yake ni jambo la kuwapelekea. Deni ulikopa, sikwambii usilipe, ila kudaiwa na kuvuliwa nguo ni vitu viwili.

Google nao tangu Mei 2023 wamekataza aplikesheni za mikopo kwenye duka lao la Play zisisome majina wala picha za mteja, kwa hiyo ukitumiwa link ya kupakua kutoka kwenye meseji nje ya Play, jiulize kwa nini wamepitia dirishani. Na leo hii tuma ujumbe mmoja kwa hao watu wote, ueleze mwenyewe. Mama mkwe akisikia kutoka kwako ni tofauti.

Mwanangu yuko darasa la tano anadai simu, anasema wenzake wote wanasomea. Nimnunulie?

Hapana mama. Wenzake wote ni wawili, mmoja na binamu yake.

Kusoma kweli kupo, Taasisi ya Elimu ina Maktaba Mtandao, vitabu vya kiada vya shule vinasomwa bure, mi mwenyewe nawachapia wazazi kurasa kutoka humo. Lakini hicho kinasomeka kwenye simu yako jioni, sebuleni, umekaa pembeni unachambua mchele. Badilisha na namba ya siri ya pesa zako kabla hujampa, maana hiyo uliyonayo anaijua, huwa unaitaja kwa sauti kwa wakala.

Nimepata meseji "ile hela itume kwenye namba hii". Na kweli nilikuwa nadaiwa kodi. Nimetuma.

Ah. Piga 100 huduma kwa wateja sasa hivi, usimalize kusoma hapa, kama hela haijatolewa wanaweza kuizuia. Afu ile meseji iripoti kwenda 15040. Ukimaliza bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, maana kipindi kile cha usajili wa alama za vidole, kabla ya Januari 2020, watu waliweka vidole mpaka mara tatu, "mashine imegoma, rudia mama", na laini nyingine zikaenda kusikojulikana.

Nataka kununua simu mtumba Kariakoo, nijuaje sio feki?

Bonyeza *#06#, itatoa IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, hizo tarakimu zitume kwenda 15090 utajibiwa hiyo namba ni ya simu ya aina gani. Jibu likisema aina nyingine na mkononi umeshika nyingine, umepata jibu lako. Simu feki zilizimwa kote nchini Juni 2016 na watu walibaki na tochi tu. Na muuzaji akianza kukuharakisha, "bro mteja mwingine anakuja", hataki ubonyeze, mrudishie simu yake taratibu, mwambie asante, panda daladala.