Kinachowaka ni kimeng'enya, damu yenyewe haitoi mwanga

Je, kipimo cha LIPS, kinachotafuta kingamwili (protini za kinga ya mwili) kwenye damu, huifanya damu ya mgonjwa ing'ae kwa kimeng'enya cha kimulimuli? Hapana, damu haing'ai, na kimeng'enya kinachotumika, yaani protini inayochochea mmenyuko wa kikemikali, si cha kimulimuli. Ni lusiferasi, yaani kimeng'enya cha kutoa mwanga, ya Renilla, kiumbe wa baharini aliye jamaa ya matumbawe. Jeni yake huunganishwa na jeni ya protini ya kijidudu, kisha seli zinazokuzwa maabara hutengeneza vyote viwili vikiwa protini moja. Protini hiyo huchanganywa na seramu, yaani majimaji ya damu ya mgonjwa yasiyo na seli. Kama ndani ya seramu kuna kingamwili dhidi ya kijidudu hicho, zinaishika protini hiyo. Baadaye hutiwa chembe ndogo zilizopakwa protini A na G, ambazo hunasa kingamwili pamoja na kile zilichokishika. Unasuuza, unatia selenterazini (kemikali ambayo lusiferasi huitumia kutoa mwanga), mashine inasoma mwanga: kadiri unavyokuwa mkali, ndivyo kingamwili zilivyo nyingi.

Lusiferasi ya kimulimuli ingehitaji pia ATP, molekuli inayobeba nishati kwenye seli, lakini hii ya Renilla inatosheka na selenterazini na oksijeni. Peter Burbelo na wenzake walichapisha mbinu hii Marekani mwaka 2005, na imeshatumika kwa minyoo ya upofu wa mtoni na kwa UVIKO-19. Uzuri wake mkubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba huna haja ya kuisafisha protini kwanza, kazi ambayo huchosha sana na mara nyingi huharibu umbo lake.

Ila kingamwili huonyesha tu kwamba mwili ulishakutana na kijidudu. Na hata hilo si la hakika daima: mtoto mchanga anaweza kuwa nazo kutoka kwa mama yake bila yeye kuambukizwa.