Uvimbe uko kwenye ovari, kwa nini wachukue kinyama cha mfuko wa uzazi?

Pole dada kwa kuuguza. Umeuliza kwa nini daktari anataka kinyama cha mfuko wa uzazi, yaani kipande kidogo cha utando wake wa ndani cha kupimwa maabara, wakati altrasaundi imeonyesha uvimbe kwenye ovari ya mama. Mimi naona yuko sahihi, wala hatafuti pesa.

Baadhi ya uvimbe wa ovari hutengeneza homoni, hasa ule wa seli za granulosa (seli zinazozunguka yai ndani ya ovari), unaowapata zaidi wanawake wa miaka ya 50. Humwaga estrojeni, ambayo hujenga utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Homoni nyingine, projesteroni, ndiyo huuzuia usizidi, na mama, kwa kuwa ameshakoma hedhi, karibu hana. Utando unanenepa miezi na miezi bila breki, unavuja damu, na kwa baadhi hugeuka saratani. Kwa hiyo ile damu mliyodhani ni hedhi imerudi, siyo hedhi. Kama na matiti yanamuuma, amwambie daktari.

Kipimo chenyewe ni mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mlango wa kizazi. Huuma kama tumbo la hedhi, dakika chache tu. Kifanyike kabla ya upasuaji, maana majibu yatasaidia kuamua upana wa operesheni. Ulizeni pia kuhusu kupima inhibini B kwenye damu, homoni ambayo uvimbe wa aina hii hutoa; itafaa kumfuatilia baadaye, kwani uvimbe huu huweza kurudi hata baada ya miaka 10.

Zile dawa za kusafisha kizazi alizoletewa na shangazi, aziache. Damu ikizidi, msingoje tarehe ya kliniki.