Fundi Anajibu: Feni inanguruma, mbona kompyuta haiioni?

Shikamoo fundi. Nina steshenari hapa Tanga, na natumia kompyuta ya mezani ya mtumba yenye prosesa ya Intel. Niliwekewa Ubuntu, mfumo wa Linux. Ikifika mchana feni inanguruma mpaka wateja wanageuka. Nikaweka lm-sensors, programu ya kusoma joto na kasi ya feni, nikaandika sensors-detect nikawa nabonyeza Enter kila swali hadi mwisho. Sasa nikiandika sensors naona joto tu, Package id 0 (prosesa nzima) ni nyuzi 78, lakini feni hakuna hata mstari mmoja. Kihisi kimekufa?

Marahaba dada. Hakijafa. Joto unaloliona linapimwa ndani ya prosesa, na draiva yake (programu inayoiwezesha Linux kukisoma kifaa), coretemp, hupakiwa yenyewe na keneli, yaani kiini cha Linux. Mizunguko ya feni huhesabiwa kwingine, na chipu ndogo iliyo kwenye mazabodi, mara nyingi ya Nuvoton au ITE. Draiva ya chipu hiyo kwa kawaida inasubiri uiite.

Kilichokukwamisha ni ile Enter ya mwisho. Tazama vizuri maswali ya sensors-detect: jibu lenye herufi kubwa ndilo Enter inalochukua. Mwanzoni utaona YES/no, kwa hiyo Enter ni ndiyo. Swali la mwisho, linalouliza kama majina ya draiva yaandikwe kwenye /etc/modules (orodha ya draiva za kupakiwa kompyuta ikiwaka), limegeuzwa: yes/NO. Programu iliitafuta chipu, yaelekea iliipata, wewe ukaiambia isiandike kitu.

Rudia sudo sensors-detect, na hapo mwisho andika yes kwa mkono wako. Soma pia jina la draiva iliyotajwa. Ikiwa ni nct6775, andika sudo modprobe nct6775, amri ya kupakia draiva hiyo, kisha sensors. Sasa feni zitatokea, tuseme fan1 ina 0 RPM (mizunguko kwa dakika) na fan2 ina 1850 RPM. Hiyo sifuri isikutishe, huenda ni soketi ambayo haijachomekwa feni. Ukiona na mstari kama AUXTIN unaodai nyuzi zaidi ya 100 wakati prosesa iko 45, uache. Mara nyingi ni pini ambazo mwenye kutengeneza mazabodi hakuziunganisha na chochote.

Modprobe ikikataa na kusema Device or resource busy, maana yake BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta) imejiwekea eneo hilo la chipu. Watu watakushauri uongeze acpi_enforce_resources=lax kwenye GRUB, programu inayoiwasha Linux, ili kizuizi hicho kipuuzwe. Kwa mashine inayokulisha, mimi sikushauri. BIOS na draiva kuigusa chipu moja kwa wakati mmoja kunaweza kuleta hitilafu, na kasi ya feni unaweza kuiona kwenye skrini ya BIOS.

Tuje kwenye nyuzi 78. Kwenye mstari huohuo utaona crit = +100.0°C, yaani kiwango cha hatari, kwa hiyo haiungui. Lakini kama kazi ni kuchapa barua na kufungua barua pepe tu, 78 na feni inanguruma ni nyingi mno. Feni inakimbia na joto halishuki: hewa haipiti. Vumbi la karatasi za fotokopi likikutana na unyevu wa Tanga hugandamana kwenye mapezi ya hitisinki, kile chuma kinachopoza prosesa. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua keisi, puliza kwa bloa huku umeishika feni kwa kidole isizunguke. Bloa huizungusha kuliko uwezo wake na kuharibu beringi. Kisha washa, andika watch -n 2 sensors, itakayosoma upya kila sekunde 2, ufanye kazi zako za kawaida. Joto likigoma kushuka, badilisha pesti iliyo kati ya prosesa na hitisinki. Kwenye mashine ya mtumba huwa imeshakauka kitambo.

Na ikitokea siku feni ya prosesa inasoma 0 huku joto linapanda, zima hapohapo. Usimalizie hata nakala ya mteja.

Fundi, niko Mombasa. Skripti yangu husoma /sys/class/hwmon/hwmon3/fan2_input ili feni ikisimama nijulishwe. Baada ya kuwasha upya mashine, inasema faili haipo.

Folda za hwmon ndimo Linux inamoweka vipimo vya vihisi. Namba ya hwmon hutolewa kwa kufuata draiva iliyotangulia kupakiwa, kwa hiyo 3 ya jana leo inaweza kuwa 4. Kila folda ya hwmon ina faili iitwayo name. Skripti izipitie zote, isome name, ndipo ichague. Jina hilo huwa la chipu yenyewe, kwa mfano nct6779, hata kama draiva uliyoipakia inaitwa nct6775. Ukiongeza na joto, gawanya kwa 1000, kwa sababu temp1_input huandika 52000 kwa nyuzi 52. Feni haigawanywi, ni RPM kamili.