Re: Msimbo wa watu wengine ndani ya mfumo endeshi, tuuweke wapi na tuutunzeje?

Mkuu, umeuliza zlib (maktaba ya kubana data), expat (maktaba ya kusoma XML) na wenzao mziweke wapi ndani ya mfumo wenu, na toleo jipya likitoka mfanyeje ili marekebisho yenu yasipotee. Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo.

Jina la folda lisikuumize kichwa. FreeBSD, mfumo endeshi wa msimbo wazi, wanatumia contrib. NetBSD, mfumo wa ukoo huohuo, wana external, kisha humo ndani wanagawa kwa leseni: bsd, mit, gpl3 na kadhalika. Mimi napenda mtindo wa NetBSD, maana mteja akisema hataki GPLv3 (leseni inayodai ukigawa programu utoe na msimbo wake) unaona papo hapo kipi kinaondoka. Kero yake ni pale mradi unapobadili leseni, kama OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, ilivyohamia leseni ya Apache 2.0 kuanzia toleo 3.0 mwaka 2021.

Jambo la kushikilia ni tawi la asili. Kila mradi wa nje upe tawi lake (branch) kwenye Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, ambalo hakuna mtu wenu anayelihariri. Linapokea toleo kama lilivyotoka kwa wenyewe, basi. Marekebisho yenu yanaishi kwenye tawi kuu tu. Toleo jipya likija, futa yaliyomo kwenye tawi la asili, weka mapya, komiti (yaandike kwenye historia), piga tagi (alama ya toleo), halafu rudi tawi kuu:

git subtree merge -P contrib/expat vendor/expat

Git itajua kipi wamebadili wao na kipi ni chenu, na itakusimamisha pale tu mlipogusa sehemu ileile. Kuna mahali nilikuta watu wanamwaga toleo jipya juu ya la zamani moja kwa moja. Kiraka, yaani rekebisho dogo, cha mistari miwili cha kufunga faili baada ya kusoma kikafutika kimyakimya. Kilikuja kukumbukwa mashine za wateja zilipoanza kuishiwa nafasi za kufungua faili.

Faili zenu za kujenga ziwe nje ya folda hiyo. FreeBSD msimbo wa expat uko contrib/expat, lakini Makefile (maelekezo ya kujenga) na faili ya usanidi viko lib/libexpat. Faida yake ilionekana Machi 2024, ulipogunduliwa mlango wa nyuma kwenye xz, programu ya kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Tawi kuu la FreeBSD lilikuwa na 5.6.0, ila vipande vya hila, yaani faili za majaribio na za m4 (za kuandaa ujenzi), havikuingizwa, na isitoshe hawajengi kwa zana za mradi wenyewe, ambazo hila hiyo ilizitegemea. Kwa hiyo ingiza kile tu unachokikompaili. Folda za majaribio na mifano zinabaki huko zilikotoka.

Kuhusu viraka: kila kimoja kiwe kometi yake, yenye sababu na kiungo cha mahali ulipokipeleka kwa wenye mradi. Kisichopelekwa utakibeba miaka nenda rudi. Na usifute mstari wa watu kwa kuwa tu chombo cha ukaguzi kimelalamika. Debian, wasambazaji wa Linux, walifanya hivyo kwenye OpenSSL mwaka 2006, na hadi kugundulika Mei 2008 funguo za usimbaji fiche zilizozalishwa kwenye mashine zenye Debian hiyo zilikuwa zinategemea karibu namba ya mchakato (PID) pekee, yaani uwezekano 32,768 tu. Ukiwa na shaka, waulize wenye msimbo huku ukiwaonyesha kiraka kizima.

Mwisho, kabla hujahamisha chochote, endesha hii kwenye mzizi wa mti wenu:

find . -name deflate.c

Ikileta njia zaidi ya moja, mna nakala za zlib (deflate.c ni faili yake) ambazo huenda hakuna anayezihesabu. Hitilafu ya usalama yenye namba CVE-2018-25032 ilirekebishwa kwenye zlib 1.2.12 mwaka 2022, kwa hiyo angalia namba ya toleo kwenye zlib.h ya kila nakala. Iliyo chini ya hapo iondoe, au iunganishe na ile moja mtakayoitunza. Nakala ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inaweza kugoma kuunganishwa na ya programu za kawaida. Hiyo iache peke yake, lakini nayo iwe na tawi la asili.