Yule mama wa Olimpiki ya Tokyo: mwanamichezo au mwanasiasa?

SWALI: Mambo mhariri, nina ubishi na mwenzangu hauishi. Yeye anasema Seiko Hashimoto aliyesimamia Olimpiki ya Tokyo ni mwanasiasa tu alipachikwa pale na chama chake, mimi nasema nilisikia alikuwa mwanamichezo kweli. Tuamulie basi, na kama alicheza, alicheza nini?

JIBU: Aisee hapo mwenzako kachemka. Huyu mama kashiriki Olimpiki saba, nne za baridi na tatu za kiangazi! Kwenye baridi alikuwa mkimbiaji wa kuteleza kwenye barafu, akaanzia Sarajevo 1984, Calgary 1988, Albertville 1992 na Lillehammer 1994, af kiangazi anapanda baiskeli, Seoul, Barcelona na Atlanta. Kazaliwa Hokkaido Oktoba 1964, siku tano tu kabla Olimpiki ya Tokyo ya kwanza haijafunguliwa, na baba yake kwa mapenzi ya ile michezo akamtolea jina kwenye mwenge wa Olimpiki, yani mtoto hata hajafungua macho vizuri keshapangiwa kazi. Na utotoni aliugua figo, kwahiyo msidhani mwili wa chuma alizaliwa nao.

Kinachonishangaza mimi ni Calgary. Alikimbia mbio zote tano za wanawake, kuanzia mita 500 mpaka 5000, na zote tano akamaliza ndani ya nane bora. Wenye mbio fupi na wenye mbio ndefu kwa kawaida ni watu tofauti kabisa, yeye kabeba zote. Medali ikaja Albertville, shaba ya mita 1500, na hiyo ndo medali ya kwanza ya mwanamke wa Japani kwenye Olimpiki ya baridi. Ya Olimpiki anayo moja tu maisha yake yote, ndo hiyo.

SWALI: Sasa siasa aliingia lini, baada ya kustaafu?

JIBU: Wala hakusubiri kustaafu! 1995 akachaguliwa Baraza la Juu la bunge kwa tiketi ya chama chake cha LDP akiwa na miaka 30, na 30 ndo umri wa chini kabisa wa kugombea baraza hilo, mwaka unaofuata mheshimiwa yuko Atlanta anakanyaga pedeli. 2000 akajifungua akiwa mbunge, ikabidi kanuni za baraza zirekebishwe ili kujifungua kutajwe kama sababu ya kukosa vikao, maana kabla ya hapo hakukutajwa, na hiyo ni 2000 jamani sio 1900! Mimi naona hili lina uzito kuliko hata ile shaba.

Tukirudi kwa mwenzako, kuna kitu kidogo kapatia. Februari 2021 Yoshiro Mori, waziri mkuu wa zamani, alijiuzulu uenyekiti wa kamati ya maandalizi baada ya kusema vikao vyenye wanawake wengi vinachukua muda mrefu. Hashimoto wakati huo ndo waziri wa Olimpiki, akauacha uwaziri akashika kamati, na uanachama wa LDP nao akauweka pembeni ili isionekane chama kinaendesha michezo. Wapinzani hawakuridhika, kwa sababu yeye na Mori walikuwa karibu miaka mingi kisiasa, na hoja yao sio ya kutupa. Lakini ndani ya wiki chache aliongeza wanawake 12 kwenye bodi wakafika 19 kati ya watu 45. Kazi yenyewe ilikuwa mzigo bwana, korona imepamba moto, wananchi wengi hawaitaki michezo, mwisho Tokyo ikachezwa viwanja vitupu.

SWALI: Na sasa hivi yuko wapi?

JIBU: Juni 2025 kachaguliwa rais wa Kamati ya Olimpiki ya Japani, mwanamke wa kwanza, kampokea Yasuhiro Yamashita yule bingwa wa judo.